Shukrani Zilizotangulia Dawa

Ukitumwa kumtafuta mtoto kule mtaani Musaga, usimuulizie mtoto. Ulizia mama yake anauza nini. Kwetu kila mtoto ana jina lake peke yake, halifanani na la baba wala la ndugu zake, na majirani wengi hawalijui. Lakini wote wanajua nani anauza mkaa, nani anakaanga maandazi, nani ana cherehani barazani. Fika saa za biashara, nunua kidogo, kaa chini. Usitaje hospitali. Mtu akikuuliza mmejuana wapi na huyo mama, mwambie Kamenge, basi. Kamenge ni kubwa, ina soko, ina makanisa, ina baa. Hakuna atakayefikiria benchi la wodi ya watoto ya hospitali yetu.

Msimamizi wenu ameniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kazi hii ya kufuatilia watoto waliotibiwa jinsi sisi tulivyoifanya. Sijui kama itawafaa. Ninyi mna simu zenye ramani, sisi tulikuwa na miguu na mdomo. Lakini ujana wangu wote uliishia humo, na tangu niiache kazi nimezunguka sana, Uvira, Kigoma, Rumonge, kisha narudi Buyenzi kwenye chumba changu cha kupanga, na popote ninapofika najikuta natazama mashavu ya watoto. Mtu wa kumweleza kwa nini natazama hivyo sina. Mke niliyekuwa naye alichoka kunisubiri akaenda zake. Basi nitawaeleza ninyi.

Sikusoma udaktari. Nilimaliza sekondari nikaenda kuuza vipuri dukani kwa Mwarabu mmoja wa mjini, mtu mwema, aliyekuwa akiniambia kila jioni, "Saidi, we ukikaa kwenye kiti, kiti ndio kinachoka." Nikaacha, nikaendesha pikipiki ya kubeba abiria. Ndipo nilipompata Dokta Goreti, siku gari lake lilipogoma kuwaka na wagonjwa wanamngoja. Njiani akanihoji begani kwangu, huku upepo unamkata maneno.

"Unajua kuandika?"

"Najua."

"Unaweza kukaa ofisini?"

"Apana, Dokta. Ofisi naogopa."

"Bon. Njo Jumatatu."

Dokta Goreti alikuwa daktari wa watoto, na karibu maisha yake yote ya kazi aliyatumia kuchunguza saratani moja, ile inayovimbisha taya la mtoto mpaka meno yanalegea na jicho linafunga. Kwenye nchi zenye mashine na damu ya kutosha, mtoto wa namna hiyo hupewa dawa nyingi na kali. Hapa dozi ile ile inaweza kummaliza mtoto aliyekonda kabla ugonjwa haujammaliza. Kwa hiyo swali la Dokta lilikuwa moja tu: dawa kidogo kiasi gani inatosha mtoto wa huku kupona, na kubaki amepona?

Swali fupi, lakini jibu lake ni refu. Unampa mtoto dawa leo, unasubiri miaka, kisha unauliza: yuko hai? Usipompata wa kumwuliza, hujui kitu. Madaktari wenzake walimshauri awahesabu waliopotea kama waliokufa. Wengine wakasema awafute tu, aendelee na waliobaki. Siku moja alitoka kwenye mkutano wa namna hiyo macho mekundu, akafunga mlango wa ofisi, akaniambia, "Saidi, mtoto ambaye sijui kaburi lake sitamwita marehemu. Nenda ukanitafutie."

Nikaenda. Na tulikosea mengi, sitawaficha.

Mwanzoni tulipewa pikipiki yenye maandishi makubwa ya hospitali ubavuni. Tuliiona ni heshima. Nikaegesha mbele ya nyumba ya mama mmoja anayekaanga maandazi, na tangu asubuhi ile hakuna aliyenunua andazi lake, watu walidhani kuna kipindupindu mle ndani. Alinifuata mpaka Kamenge na beseni kichwani akamwaga maandazi yote mbele ya mlango wetu. "Kuleni ninyi basi!" Tulikula. Kisha tukachukua kitambaa na petroli tukafuta yale maandishi mpaka rangi ikatoka.

Halafu zikaja simu. Tulifurahi, tukasema sasa kazi imekuwa ya kukaa kivulini. Nilikuwa napiga kwa baba wa mtoto mmoja wa Gatumba, ananijibu vizuri, mutoto anakula, mutoto analala, asante kaka. Kumbe yule hakuwa baba. Alikuwa mtu wa Rumonge aliyenunua simu ile sokoni ikiwa na laini yake ndani. Nilipomkasirikia kwa nini alidanganya, akasema, "Kaka, hakuna mutu ananipigia simu. We ulikuwa unapiga unauliza mutoto anaendelea aje. Nikaona nikujibu." Mtoto wa kweli nilimpata baadaye kwa bibi yake, mzima. Na yule mtu wa Rumonge aliendelea kunipigia kuuliza habari zake, mwaka mzima. Nilikuwa namjibu. Nilimwelewa kuliko nilivyopenda kumwelewa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo vitabu vyenu huenda vinalitaja kwa mstari mmoja. Dawa ile, mwanzoni, inafanya kazi kupita kiasi. Mtoto anaingia wodini shavu limefura, hawezi kufunga mdomo, mate yanamtoka. Anatundikiwa dawa, na baada ya siku chache tu uvimbe unayeyuka. Mama anaamka asubuhi anaukuta uso wa mtoto wake. Nimewaona akina mama wakipiga magoti katikati ya wodi, kati ya ndoo na masufuria.

Lakini ugonjwa haujaisha, umejificha. Mtoto lazima arudi, tena na tena, na marudio ni machungu kuliko mwanzo: sindano ya mgongo, kutapika, nywele kuanguka. Ni mzazi gani atamchukua mtoto anayecheza, ampeleke mahali akaugue upya?

Na kulikuwa na kitu kingine kilichotushinda kukiona, ingawa sisi wote ni wa hapa hapa. Mtoto akiugua hivyo, majirani ndio wanaoubeba mzigo. Huyu anabaki na wadogo zake, yule anapeleka chakula hospitali, mwingine anapalilia shamba. Mtoto akirudi mzima, wazazi wanawaita wote, wanawapa kinywaji, wanasimama kuwashukuru. Shukrani ikishatolewa, jambo limefungwa. Huwezi kuwanywesha watu kinywaji cha kushukuru, halafu baada ya siku chache uwaambie warudi kubeba masufuria. Utaonekana umewachezea. Na kama ulisimama kanisani kutoa ushuhuda, utaonekana umemchezea na Mungu.

Sisi tulikuwa tunaona karamu, tunafurahi. Dokta Goreti alialikwa kwenye nyingi, na alikuwa anakwenda. Hakuwa na mume wala mtoto. Nyumbani kwake kulikuwa na vitabu na kuku. Siku za karamu hizo alivaa mavazi yake mazuri ya imvutano, yale ya kike ya sherehe, akaketi kiti cha mbele, na alikuwa mtu mwingine kabisa, anacheka kwa sauti.

Hivyo ndivyo alivyokwenda Ruziba kwa akina Keza.

Keza alikuwa binti mdogo, bado kidogo aanze shule. Mama yake alikuwa anakausha na kuuza ndagala, dagaa wa ziwani. Shavu la Keza lilipoyeyuka, watu wa Ruziba walikuja kumtazama kama wanatazama bibi harusi. Dokta alikuwa amepanga kuitumia karamu ile kuwakumbusha wazazi siku ya kurudi. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikamwona anasimama, anashika chupa ya fanta, anawatazama wale watu wote waliomfurahia, na Keza amekaa miguuni pake anakula wali kwa mdomo wote. Maneno yakamgeuka. Akasema, "Tumshukuru Mungu, Keza amepona." Wakapiga vigelegele. Wakampa zawadi ya kapu zuri la kusukwa, limejaa maharage. Tulirudi mjini na kapu lile kwenye tangi la pikipiki.

Siku ya dawa ikafika. Keza hakuja. Ikapita wiki. Nikatumwa.

Nilimkuta mama yake mchangani karibu na ziwa, amechutama, anageuza ndagala. Keza alikuwa anafukuza kunguru kwa kijiti. Kichwani nywele zilikuwa zimeanza kuota, laini kama za kifaranga.

"Eh, Saidi. Nilijua tu," mama alisema bila kuinua kichwa. "Pikipiki yako inakohoa kuliko wagonjwa wenu."

"Mama Keza, siku ya dawa imepita."

"Dawa ya nani?"

"Ya mutoto."

"Mutoto gani? Huyu anashinda anakimbiza ndege? Muangalie. Mi sina mugonjwa."

"Ugonjwa unajificha, mama. Dokta amesema..."

Hapo akasimama, mikono imejaa magamba. "Dokta amesema! Dokta alikaa kwangu, kiti cha mbele. Akakunywa fanta. Akasimama akasema Keza amepona, watu wote wakasikia. Mi nikaenda kanisani nikarudia vile alisema. Sasa unataka nimubebe tena nipite mbele ya wale watu? Nitasema nini? Mi nilidanganya? Ama ni Dokta alidanganya?"

 Nikaaga. Keza akaja mbio kunipa mkono, akainua uso kunitazama juani, na chini ya taya, upande ule ule, nikaona kitu kidogo kama punje ya haragwe kinasukuma ngozi. Mama aliona kwamba nimeona. Akamvuta mtoto, akamfungia kitambaa shingoni, akarudi kwenye ndagala zake.

Nilimweleza Dokta yote, hata matusi. Hakunikatiza. Kapu la Ruziba lilikuwa juu ya kabati lake la ofisini, ameliweka pale ili wageni walione. Alilitazama.

"Mama yule hakunifungia mlango," alisema. "Mimi ndiye niliyeufunga, tena mbele ya watu. Hauwezi kufunguliwa kwa siri."

Huku kwetu ombi kubwa, kama la kuomba ng'ombe, haliendi mikono mitupu na halisemwi moja kwa moja. Unakwenda na kinywaji, na wenyeji wanajifanya hawajui umefuata nini. Dokta alizaliwa milimani, alizijua hotuba hizo tangu utoto. Akanunua kreti za fanta, akamwomba Mzee Nestori, jirani mkubwa wa pale, awakusanye watu wale wale wa karamu, Jumapili baada ya kanisa. Mimi akaniambia nibebe kreti na ninyamaze.

"Na ukifukuzwa?" nikamwuliza.

"Utakimbia wewe kwanza. Si ndiyo kazi yako?"

Walikuja wote. Maneno yalikuwa ya Kirundi, ninayaandika kwa Kiswahili chetu. Mama Keza alikaa mlangoni, Keza mapajani, kitambaa bado shingoni.

"Tunaona wageni na kreti," akaanza Mzee Nestori. "Kama mmekuja kuomba ng'ombe, ng'ombe wetu wamekwisha."

Watu wakacheka.

"Hatukuja kuomba ng'ombe, mzee. Tumekuja kurudisha."

"Kurudisha nini? Sisi hatukudai kitu."

Dokta akanipa ishara. Nikafungua kitambaa nilichofungia mzigo juu ya kreti, naye akalichukua kapu, akaliweka chini mbele ya miguu ya mzee.

Kicheko kikakatika. Kurudisha zawadi kwetu ni kama kumtemea mtu mate. Kijana mmoja nyuma akasema, "Ni kapu letu lile? Anatuletea kapu letu?" Mwanamke mmoja akasimama kuondoka. Mimi nilianza kupima kwa macho pikipiki iko umbali gani.

"Mlinipa hili kwa sababu nilimponya mtoto," Dokta akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu walilazimika kunyamaza ili wasikie. "Sijamponya. Nilikuwa katikati ya kazi. Nilikaa hapa, mkanipokea vizuri, nikanogewa, nikasema neno la mwisho kabla ya mwisho. Mama Keza hakuwadanganya. Alirudia maneno yangu. Mwenye kosa ni mimi, na kapu hili sina haki nalo."

Mzee Nestori aliinama, akaligeuza kapu, akachungulia ndani.

"Mbona tupu? Maharage uliyafanya nini?"

"Niliyala, mzee."

"Yalikuwa mazuri?"

"Mazuri sana."

"Basi maharage hayarudi." Mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka puani. "Na huyu mutoto akirudi kwako, atapona?"

Nilimwomba Mungu Dokta aseme ndiyo. Ingekuwa rahisi.

"Sijui," Dokta akasema. "Akirudi, ana nafasi. Akibaki, hana."

 Mzee akalichukua kapu akaliweka nyuma ya kiti chake. "Hili litakaa kwangu. Hatukushukuru, hatukukataa. Tumengoja. Siku utamaliza kazi yako utakuja kulichukua, na hatutaweka maharage mara ya pili."

Hakuna aliyemtazama Dokta tena. Wote walimtazama mama aliyekuwa mlangoni. Alinyanyuka, akaingia ndani. Tukasikia sufuria. Akatoka na kitenge, sufuria na mkeka, na Keza amemshika sketi.

"Nani atabaki na wadogo?" akauliza, haangalii mtu.

 Kisha yule mwanamke aliyekuwa anaondoka akasema kwa hasira, "Si mi? Nilibaki nao siku zote zile, leo nitawatupa ziwani?"

Niliwapakia wote wawili kwenye pikipiki, Dokta akarudi kwa basi.

Tangu Jumapili ile, mtoto mpya alipoingia wodini, Dokta hakusema na mama peke yake. Alimwita pia jirani aliyemsindikiza, akamwambia usoni: uvimbe utayeyuka haraka, msiwapikie watu, ngojeni. Na yeye hakukubali tena mwaliko wowote kabla ya dawa kwisha. Waliopotea wakapungua. Hilo ndilo lililouokoa utafiti wake, kuliko dawa yoyote mpya, na aliliandika kwenye makala zake na kuwafundisha wanafunzi, akianza na aibu yake mwenyewe. Ninyi mnalikuta limeshakuwa kanuni. Msilikanyage. Mkialikwa, semeni mna kazi.

Lakini kanuni ile ilikuwa na bei yake, nayo aliilipa Dokta. Watu waliomaliza dawa kwa utaratibu, kwa miezi, walikuwa wamechoka. Hawakuwa na nguvu ya karamu tena. Mialiko ikakoma.

Keza aliteseka sana kwenye marudio yale. Kuna wakati alikuwa hajui kama ni asubuhi au jioni, na mama yake alilala chini ya kitanda chake. Lakini kile kivimbe chini ya taya kikaisha, kisionekane tena. Siku ya mwisho Dokta aliwasindikiza mpaka langoni.

"Mama Keza, leo ndiyo siku yenyewe," akasema. "Sasa mnaweza kushukuru."

Mama alimtazama vizuri tu, bila chuki. "Tulishashukuru, Dokta. Mara ya pili watu hawakuji."

Wakapanda basi dogo la kwenda mjini. Dokta akabaki pale langoni, mikono mifukoni mwa koti jeupe. Kapu hakulifuata kamwe. Ziwa lilipopanda, nyumba ya Mzee Nestori ilikuwa miongoni mwa zilizoingia maji, na sikuuliza habari ya kapu.

Ilibaki sehemu yetu, ile ndefu: kila mwaka kwenda kutazama kama yuko hai. Mkiwa vijana mtaona ni kazi ya furaha. Ni ya furaha. Lakini mjue kwamba aliyepona hataki kukuona. Wewe ndiye harufu ya dawa, wewe ndiye ndoo ya kutapikia. Wanaokukimbilia na kukukumbatia ni wale ambao mambo yameharibika. Wazima wanavuka barabara. Usiwalaumu. Ukiona mtoto wako wa zamani anavuka barabara, andika kwamba anatembea vizuri.

Mara yangu ya mwisho Ruziba, Dokta alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao upande wa Gitega. Mradi ulikuwa unafungwa. Mama Keza nilimkuta amehamishia vichanja vyake vya kukaushia juu zaidi, mbali na maji.

"Ni mara ya mwisho hii?" akaniuliza.

"Ya mwisho."

"Afadhali." Akaona uso wangu. "Usikasirike, Saidi. Akikuona, anashika hapa." Akagusa shavu lake. "Halafu siku mbili hasemi. Na rafiki zake hawajui. Mi sitaki wajue."

"Anaendelea vizuri?"

"Muangalie mwenyewe. Wale wanatoka shule. Yule murefu. Lakini usimwite."

Nikachutama nyuma ya kichanja cha ndagala, mtu mzima mimi, kama mwizi. Wasichana wakapita barabarani wakibishana kuhusu mwalimu wao. Yule mrefu alisema kitu, kisha akacheka kichwa nyuma, mdomo wazi, taya limenyooka pande zote mbili. Walipita. Nikasubiri mpaka sauti zao ziishe, nikampigia Dokta.

"Nimemwona. Eko hai."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Alikusalimia?"

"Apana. Hakuniona."

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana, Saidi."

Nikangoja akate simu. Naye, nadhani, alikuwa anangoja nikate mimi. Tukakaa hivyo, mimi nasikia kuku wake uani, yeye bila shaka anasikia maji ya ziwa, mpaka salio langu likaisha.